Pumzi Saba

Kufuli halikuguswa. Hilo niliwaambia mapema,
nimepiga magoti kwenye tope la mfongo, huko Mbokomu,
kisanduku mapajani, skrubu nne mdomoni.
Muhuri upo. Antena ipo. Hata buibui wa pembeni
hajahamishwa.

Lakini maji ya zamu ya Jumanne yaliondoka usiku
na kihisi kikaapa, kwa namba zake zote,
kwamba mfongo umejaa pomoni.

Mtu alikuwa amejifunza kusema kwa sauti yake.

Nikateremka nacho mjini Moshi, karakana yangu ya Kiusa,
ghorofani, juu ya muuza mabati,
nikakilaza chini ya taa, nikaunga waya
kwenye mshipa wake wa umeme.
Osiloskopu ya mtumba ikachora milima.
Kilele, bonde, kilele, kilele.
Kinapokutana na moja, betri inashtuka kidogo;
kinapokutana na sifuri, inapumua.
Fumbo lenyewe lilikuwa zima, halina ufa,
na ufunguo wake ulikuwa ukivuja
kama siri ya mlevi: si kwa maneno, kwa jasho.

Mama yangu aliuza mbege pale Rau
na wakopaji walimjua hadi nyayo.
Akiingia chumbani akatoka upesi: hana.
Akikawia: anazo, anahesabu.
Basi akabadilika. Aliyeomba, awe nani,
alisikia sanduku likifunguliwa, kopo likilia, sanduku likifungwa,
na pumzi saba.
Saba kwa atakayepewa,
saba kwa atakayeambiwa njoo mwezi ujao.
Na fedha hakuiweka mahali pamoja:
nyingine kwa shangazi Ndeambilisia, nyingine kwenye debe la ulezi,
kila mwezi akiigawa upya,
mgawo ukiamuliwa na punje alizochota bila kutazama.
Ungefungua debe usiku kucha, usingejua mama ana nini.

Nimekifundisha kidude tabia za mama.
Ije moja, ije sifuri, hatua ni zilezile.
Ufunguo nimeupasua vipande viwili,
na kabla ya kila kazi kinavivuruga kwa namba ya kubahatisha
ambayo hata mimi siijui.
Mara nyingine kinapiga hesabu zisizo na maana,
kinachakura tu, kama kuku,
ili anayesikiliza achoke.

Bei ipo. Betri iliyokaa miaka miwili
sasa itaomba mwenzake baada ya miezi kumi na minne,
na Eliainenyi, mweka hazina, aliuliza
kwa nini tulipie ukimya.
Sikuwa na jibu fupi.
Sikumwambia pia kwamba milima ile haikufutika.
Imefunikwa, kama Kibo mwezi wa nne:
ipo, na mwenye subira ya kurudi mara elfu
huenda siku moja akaiona.

Nilipaona alipokuwa akiketi.
Hatua tano toka kwenye kisanduku, nyuma ya migomba,
nyasi zimelala kwa kukaliwa,
na koili imesahauliwa hapo, ya kusukwa kwa mkono,
shaba nyembamba ya redio ya zamani,
mizunguko kumi na miwili, fundo la mtu wa kushoto.
Fundo hilo nalijua.
Chuoni Arusha tulikaa meza moja.
Koleo lake ninalo mpaka leo.
Kwao ni mwisho wa mfongo,
kule zamu inakofika ikiwa unyevu tu kwenye mchanga.

Koili niliitia mfukoni.

Jioni kamati ikakaa. Wakanihoji:
gharama? Mvua ikiingia? Vingine kumi na vitatu lini?
Nikajibu yote, bila haraka,
kila jibu mahali pake, na kimya kilekile mbele yake,
hadi Eliainenyi akapiga miayo.

Kisha mwenyekiti akainua macho kwenye daftari:
Huyo mtu, unamjua?

Pumzi saba.
Wala si nane.